Maswali ya wasomaji: Tela la baiskeli, gunia la korosho na mbwa mgonjwa

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu jamaa nilomuona barabara ya Mikindani anavuta tela nyuma ya baiskeli ya Phoenix, kapakia matenga ya samaki na anaenda zake taratibu. Sikujua kama watu wengi hivi wanalifikiria jambo hili. Maswali yamekuja mpaka ya kutoka Newala. Nimechukua manne, la kwanza nalijibu kwa kirefu kwasababu ndo lenye hatari ya kuumiza mtu.

Shikamoo fundi. Mi niko huku Naliendele, msimu wa korosho natoa mzigo shamba napeleka ghalani kwenye chama cha msingi, ni kama kilomita 6, nusu mchanga nusu lami. Huwa nafunga gunia kwenye keria kwa mipira ya tyubu lakini njiani baiskeli inayumba sana, nshaanguka mara mbili na mara ya pili mkono ukateguka. Kuna fundi wa kuchomelea hapa jirani anasema atanitengenezea tela kwa mabomba na matairi mawili ya baiskeli ya mtoto. Je litabeba gunia mbili? Na linafungwa kwenye keria au wapi? – Mkulima, Naliendele

Marahaba mdogo wangu, pole sana na mkono. Kwanza wazo lako ni zuri na nalikubali, kwasababu gunia la korosho ni kilo 80 na likikaa juu ya keria uzito wote uko juu, tena nyuma ya ekseli, kwahiyo tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani unacheza, ukipita kwenye mchanga ndo basi tena. Tela linautoa huo uzito mgongoni mwa baiskeli na kuuweka chini karibu na ardhi. Hata baiskeli ikianguka, tela lililoungwa vizuri linabaki limesimama na mzigo wako haumwagiki.

Ila gunia mbili hapana. Moja tu, na nakwambia kwanini.

Watu wote wanaoniuliza kuhusu tela wanauliza litavuta kilo ngapi. Kuvuta sio tatizo, kwenye tambarare ukishaliondoa linakuja lenyewe, utashangaa lilivyo jepesi. Swali ni utalisimamishaje, maana tela halina breki, breki ni zile zile za baiskeli yako. Chukua hesabu ndogo: we na Phoenix yako tuseme mna kilo 85, ongeza gunia moja la kilo 80, ongeza tela lenyewe la chuma kama kilo 20, jumla 185. Breki hazijaongezeka nguvu hata kidogo ila uzito umezidi mara mbili, kwahiyo kama ulikuwa unasimama ndani ya mita 5 sasa unahitaji karibu mita 11. Hapo ni spidi ile ile. Ukienda spidi mara mbili ya hiyo, umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Sasa weka gunia la pili halafu fikiria mtoto amekatiza mbele yako.

Na Phoenix nyingi zina breki zile za vyuma ambazo raba zinabana ringi kwa ndani, ringi yenyewe ya chuma kinachong'aa, ikilowa maji inateleza kama sabuni. Mwisho wa msimu wako wa korosho ni Desemba na mvua ndo zinaanza. Kwahiyo siku ya mvua punguza mzigo au ahirisha, na kila wiki angalia raba za breki mbele na nyuma, zikiisha usisubiri, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye baiskeli.

Haya, linafungwa wapi. Usikubali fundi afunge kwenye keria. Najua ndo rahisi kwake, anachomelea kipande cha bomba nyuma ya keria anatoboa tundu anapitisha bolti, dakika kumi kamaliza. Keria imeshikwa na bolti ndogo sana na zimewekwa kubeba uzito unaokandamiza kwenda chini, sio kuvutwa na kusukumwa kila ukikanyaga pedeli. Mi mwenyewe yalinikuta, nilikuwa na tela la kwanza nilounganisha hivyo hivyo kwenye keria, nimepakia madafu, natelemka kishuko kidogo tu, nikasikia mlio kama kijiti kimevunjika halafu baiskeli ikawa nyepesi ghafla. Bolti imekatika. Tela likanipita upande wa kulia, likavuka barabara lenyewe na kuingia mtaroni. Haikuwepo gari wala mtu na hilo namshukuru Mungu mpaka leo, kwasababu dakika moja kabla walikuwa wamepita wanafunzi wanatoka shule. Toka siku hiyo siungi tela lolote bila kamba ya pili.

Sehemu nzuri ni kwenye ekseli ya tairi la nyuma, upande wa kushoto, maana kulia kuna cheni. Unatafuta kipande cha chuma bapa cha milimita 5 hivi, kinatobolewa, kinakaa kwenye ekseli nje ya fremu halafu nati inafungwa juu yake. Angalia nati ishike nyuzi zote, ikiwa ekseli ni fupi nati inashika nusu tu basi badilisha ekseli uweke ndefu, usilazimishe. Uzuri wa pale chini ni kwamba tela likisukuma wakati unafunga breki linasukuma karibu na ardhi. Wapo wanaofunga juu kwenye bomba la siti, ni sawa kwa mzigo mwepesi ila ukiwa mzito na unakata kona, tela linasukuma siti kwa pembeni na baiskeli inataka kulala.

Kiungio chenyewe sasa, hapa mafundi wengi wanakosea kwasababu wanafikiria kona peke yake. Kiungio lazima kiruhusu mambo matatu: kukata kona kushoto na kulia, kupanda na kushuka kwenye tuta, na baiskeli kulala upande bila kulilaza tela. Pini moja iliyosimama inafanya la kwanza tu, hayo mengine mawili yanaenda kuvunja chuma taratibu, leo ufa kesho kimekatika. Njia ya bei rahisi na nimeiona inadumu ni kipande cha mpira mnene, ule wa ubavuni mwa tairi la gari au hosipaipu nene ya injini, unakifunga upande mmoja kwenye mkono wa tela, yani lile bomba la mbele la kuvutia, na upande wa pili kwenye kile chuma bapa, bolti mbili kila upande, na nati za kujikaza. Mpira unapinda kote kote. Halafu juu ya hapo ndo ile kamba ya pili, kipande cha cheni au mkanda imara unaozunguka fremu ya baiskeli na mkono wa tela, uwe umelegea kidogo. Kiungio kikikatika kamba inalishika tela mpaka usimame. Mpira wenyewe ukague kila asubuhi, ukiona nyufa badilisha.

Matairi ya baiskeli ya mtoto ni sawa, ya inchi 20 yanafaa kabisa, ila muulize fundi wako ekseli anaishika pande ngapi. Tairi la baiskeli limetengenezwa lishikwe kushoto na kulia, kama lilivyokaa kwenye fremu. Fundi akichomelea ekseli upande mmoja tu ili tairi likae nje kama la toroli, mzigo wa kilo 80 utaipinda ekseli wiki ya kwanza. Kila tairi liwe na fremu yake pande zote mbili. Upana kati ya tairi na tairi sentimita 65 mpaka 70 inatosha, ukilipanua zaidi hutapita njia za mashambani, ukilibana litapinduka kwenye kona. Sakafu ya tela ishuke chini ya ekseli kama inawezekana.

Upakiaji: gunia lilale katikati, lisogee mbele kidogo tu ya matairi. Kabla hujaunga, shika mkono wa tela uunyanyue, unatakiwa usikie uzito kiasi, karibu sehemu moja ya kumi ya mzigo, kwa gunia lako ni kama kilo 8. Ukiona mkono unataka kupaa wenyewe ujue mzigo uko nyuma mno, ukienda hivyo tela litanyanyua tairi la nyuma la baiskeli na likianza kuyumba huwezi kulituliza. Ukiwa mzito sana umeiua ekseli ya nyuma ya baiskeli na spoku zake.

Kwenye mchanga shuka usukume, hamna ujanja. Matairi mawili ya tela yanapita nje ya ule mstari uliokanyagwa na miguu ya watu, yanaingia kwenye mchanga laini na majani. Ndo maana wenzetu nje wana matela ya tairi moja yanayofuata njia ile ile ya baiskeli, kama BOB Yak la Marekani, ila lile linabeba kilo 32 tu. La Surly la matairi mawili linaloitwa Bill ndo linafika kilo 136, na hapo tunaongelea chuma cha kiwandani na baiskeli zenye breki za nguvu. Ukilinganisha na hayo, gunia lako moja kwenye tela la mtaani ni mzigo wa heshima kabisa.

Na kwenye lami, kata kona kwa kuizunguka kwa mbali, tela huwa linapita ndani ya njia uliyopita wewe, tairi lake litapanda jiwe la pembeni wakati we umelikwepa. Nyuma weka riflekta nyekundu na ukiweza fimbo ndefu yenye kitambaa cha rangi kali, dereva wa roli anaiona baiskeli ila hategemei kama nyuma yake kuna kitu kingine.

Asalam alaykum. Niko Lindi mjini, huku Mtanda. Tuna mbwa wetu wa ulinzi kagongwa na bodaboda, mguu wa nyuma umefungwa, anatakiwa kwa daktari wa mifugo kila wiki na bajaji zote zinamkataa. Mdogo wangu ana tela la baiskeli analobebea mchele na madumu ya maji. Naweza kumpakia humo? Naogopa ataruka. Halafu mama mkwe kasema tela likishabeba mbwa yeye hatokula mchele uliopita humo. – Mama Zawadi

Waalaykum salaam dada yangu. Nimefurahi sana kuona mtu anahangaika hivi kwa ajili ya mbwa, maana wengi akishagongwa ndo anaachwa hapo hapo akojoe damu mpaka afe. Inawezekana kumpakia, na kwa mbwa wa mguu mmoja mbovu ni bora kuliko kumtembeza.

Nianze na la mama mkwe kwasababu hilo ndo litakaloleta ugomvi nyumbani. Ana haki yake, na huku pwani wengi tuko kwenye madhehebu ya Shafi, unajua mwenyewe alipogusa mbwa na unyevu panaoshwa mara saba na moja yake kwa udongo. Hukumu kamili muulizeni sheikh wenu wa mtaani. Kwa upande wa ufundi jambo ni dogo: mwambie mdogo wako atengeneze sanduku la mbwa peke yake, la mbao au plastiki ngumu, lenye sakafu na kuta zake, linakaa juu ya tela na kufungwa kwa mikanda, akimaliza linashushwa linawekwa uani. Mate na manyoya yanabaki kwenye sanduku. Mchele una sakafu yake, mbwa ana yake, na mama mkwe aonyeshwe kwa macho yake kabla ya safari ya kwanza, asisikie kwa watu.

Kuta za sanduku zifike mabegani kwa mbwa akiwa amekaa, juu weka wavu. Chini tandika gunia au mkeka mkuukuu asiteleze, mbwa akiteleza anaogopa na akiogopa ndo anaruka. Mfunge kwa mkanda wa kifuani, sio wa shingoni, na kamba iwe fupi kiasi kwamba hata akitaka kuruka miguu haivuki ukuta. Kamba ndefu ya shingoni ni kitanzi, akiruka ananyongwa na we uko mbele unakanyaga pedeli huna habari.

Usimpakie na kuondoka siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza tela limesimama tu uani, mpe chakula humo humo atoke akitaka. Siku ya pili au ya tatu akiwa ndani lisukume kwa mkono hatua chache. Halafu unga baiskeli mzunguke mtaa. Wapo mbwa wanazoea kwa siku tatu na wapo wa wiki mbili, usimvute kwa nguvu.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema na ulimi nje, ndani ya sanduku lisilopitisha hewa saa saba mchana wa Lindi atakufa kwa joto huku unadhani amelala. Nendeni asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi na moja. Kivuli juu, upepo upite mbele na nyuma, na maji bebeni. Ukiona anahema kwa kasi sana, mate mazito yanamtoka na miguu haina nguvu, simama kivulini ummwagie maji ya kawaida, sio ya barafu.

Na kutoka Mtanda kwenda chini mjini ni kuteremka. Mbwa sio gunia, akisimama au kugeuka uzito unahama kutoka kushoto kwenda kulia na tela linafuata. Yule mdogo wako akifika kwenye mteremko ashuke, atembee huku ameshika breki. Naomba sana hili msilipuuze. Kampuni ya Burley ya Marekani ambayo kazi yao ni matela wameliwekea kikomo cha kilo 34 tela lao moja la mbwa, mbwa wetu wengi wa kienyeji hawafiki huko ila huyo wako wa ulinzi mpime kwanza, mbebe usimame naye kwenye mizani halafu utoe uzito wako.

Jambo la mwisho, mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata anayemlisha. Ukimnyanyua mshike kwa kifua na makalio, mguu mbovu uwe nje. Mkiwa kwa daktari ulizia na chanjo ya kichaa cha mbwa kama hana, mikoa yetu hii ya Lindi na Mtwara iliwahi kuwa kwenye mradi mkubwa wa chanjo uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kuanzia mwaka 2010 na wengi wanadhani ugonjwa uliisha, haujaisha. Akimng'ata mtu osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyo hiyo. Na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anatoa udenda na kushambulia ovyo, huyo hapandishwi kwenye tela la mtu, anaitwa afisa mifugo aje.

Huku Newala maji ni shida, nataka tela la kubeba madumu sita kwa safari moja, la kutoka bondeni kupandisha juu. Vipi hapo? – Msomaji, Newala

Madumu sita ya lita 20 ni kilo 120, na ule ukuta wa uwanda wa Makonde unaufahamu kuliko mimi. Usifanye. Kupanda utashindwa njiani, na ukishindwa katikati ya mlima tela linakuvuta kurudi nyuma. Ukiwa juu kwenye tambarare, toka kwenye gati la maji mpaka nyumbani, madumu manne ni sawa. Yajaze mpaka shingoni uyafunge vizuri, dumu la nusu maji yanacheza ndani na kila ukifunga breki yanakusukuma tena.

Naweza kupandisha wanangu wawili kwenye tela la aina hii niwapeleke shule? – Baba, Mtwara

Hapana kaka. Matela ya watoto ya kiwandani yana fremu inayozunguka watoto juu na pembeni lisije likapinduka, yana mikanda ya mabegani na kiunoni, na hata hayo wenyewe wanakwambia usiende spidi. Tela la mizigo la mtaani halina hata kimoja. Watoto watembee, au wapande mmoja mmoja kwenye siti iliyofungwa vizuri nyuma yako.

Mkulima wa Naliendele, nimekumbuka kitu. Fundi wako akimaliza kuchomelea, usianze na gunia. Weka viroba viwili vya mchanga wa kilo 20, nenda mpaka sehemu tambarare isiyo na watu, endesha ufunge breki kwa nguvu mara kumi, halafu shuka uangalie kila sehemu iliyochomelewa na ule mpira. Kukiwa na ufa hata wa unywele, mrudishie fundi tela siku hiyo hiyo.